Vitanda Vihesabiwe kwa Maji ya Februari: Barua ya Wazi Kuhusu Utalii wa Kidepo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale, kwa uongozi wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, kwa NEMA, mamlaka ya usimamizi wa mazingira, na kwa wenyeviti wa LC5, yaani wa halmashauri za wilaya za Karenga, Kaabong na Kitgum.

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima zote. Sisi ni waongoza watalii, mafundi wa maji na wataalamu wa nyanda za malisho tunaofanya kazi Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Tunaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha inayowakutanisha askari wa hifadhi, mwenye duka wa Kaabong, dereva aliyetoka Mbale na mchungaji aliyerudi kutoka upande wa Turkana. Ombi letu ni moja, na mengine yote ni maelezo yake: kabla ya kutoa kibali cha kitanda kimoja zaidi cha mgeni, ndani au kando ya Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, pimeni maji yaliyopo mwezi wa Februari, kisha kipimo hicho kiseme vitanda viwe vingapi.

Haraka yetu inatokana na uwanja wa ndege. Ujenzi wa uwanja wa kimataifa wa Kidepo ulizinduliwa mwaka 2025, na hatuupingi. Lakini kwa miaka mingi kilichoilinda Kidepo na wingi wa watu hakikuwa sheria, kilikuwa umbali: zaidi ya kilomita 500 kutoka Kampala, nyingi zake za vumbi au za tope. Umbali huo ukifutwa na ndege ya saa moja na nusu, ni lazima kitu kingine kisimame mlangoni, na mpaka sasa hatujaona ni kipi.

Kidepo si jangwa kama Chalbi ya Kenya. Bonde la Narus, ndani ya hifadhi, hupata wastani wa milimita 890 hivi za mvua kwa mwaka, na bonde la Kidepo lenyewe, upande wa kaskazini-mashariki, milimita 635 hivi. Ukitazama namba hizo peke yake utasema nchi ina maji. Ila mvua hiyo karibu yote hunyesha kuanzia Aprili, na ikishakata, imekata. Kuanzia Desemba hadi Machi mto Kidepo huwa barabara ya mchanga mweupe katikati ya mivumo, na uhai wa hifadhi yenye kilomita za mraba 1,442 husogea Narus, kwenye madimbwi yanayostahimili kiangazi. Kwa miezi hiyo minne ardhi hii huishi kwa kanuni za jangwa. Wapo humo mbuni, duma, simbamangu na bweha masikio, ambao mgeni akishatoka Karamoja hatarajii kuwaona kwingine nchini.

Fundo liko hapo. Miezi hiyo minne ndiyo inayoiuza Kidepo. Nyasi zimeungua au zimelala, nyati kwa mamia wamejikusanya pamoja, simba wamepanda majabali wakingoja, na mgeni huona kwa saa tatu kile ambacho mwezi wa Agosti asingekiona kwa siku tatu. Hivyo magari mengi zaidi, maji mengi zaidi ya kuoga na kuni nyingi zaidi huangukia mahali palepale na wakati uleule ambapo mnyama hana pengine pa kwenda. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji ni kiumbe wa Narus, naye mgeni anamkuta katika siku zake za udhaifu mkubwa kuliko zote.

Tuanze na maji, na tutakaa hapo kwa muda.

Chukueni mfano wa loji ya vitanda 40. Tuseme kila mgeni anatumia lita 250 kwa siku, pamoja na jiko, kufua na kusafisha. Hiyo si anasa kwa hoteli za hadhi inayotangazwa. Ni lita 10,000. Wafanyakazi 60 kwa lita 50 kila mmoja ni lita 3,000. Jumla lita 13,000 kwa siku, na kwa siku 90 za Desemba, Januari na Februari ni lita 1,170,000. Tembo mmoja hunywa kati ya lita 100 na 200 kwa siku, kwa hiyo loji hiyo moja hunywa kama kundi la tembo 86 wa lita 150. Ng'ombe wa Wadodoth, wafugaji wa hapa, kwa lita 25 kwa siku ni ng'ombe 520. Hakuna mzee wa manyatta atakayeruhusu boma geni la ng'ombe 520 lihamie kwenye kisima chake mwezi wa Februari bila kikao. Loji huruhusiwa kwa karatasi.

Maji hayo hutoka wapi? Kwa kawaida kutoka kisima kilichochimbwa kwa mashine karibu na mto, kwa sababu huko ndiko maji yaliko karibu. Mto wa mchanga ni tangi. Mita moja ya ujazo ya mchanga mnene uliolowa, ukiukamua, hutoa lita 200 hadi 300. Tukichukua 250, loji yetu ya mfano hukausha mita za ujazo 4,680 za mchanga kwa kiangazi kimoja. Mto ukiwa na upana wa mita 20 na mchanga uliolowa kina cha mita moja na nusu, hizo ni mita 156 za mto. Loji tano zikijipanga kando ya mkondo mmoja, mnahesabu karibu mita 800. Yapo maji yanayojipenyeza kutoka pembeni na kufidia sehemu, lakini kiangazi ufidiaji huo huenda taratibu, na pampu haisubiri.

Kinachofuata hakionekani kwa mgeni. Tembo huchimba mchangani kwa miguu na mkonga hadi kuyafikia maji, na akishaondoka, shimo lake huwa kisima cha kuro, nyani, kanga na wengine wengi wasio na uwezo wa kuchimba. Maji yakishuka chini ya mahali anapofika tembo, wote hao hupoteza kisima siku moja. Hakuna mzoga wa kupiga picha. Wanyama husogea tu Narus, ambako tayari pamejaa, na malisho kuzunguka madimbwi huliwa hadi udongo ukabaki wazi.

Yapo makosa mawili ambayo hufanywa kwa nia njema. La kwanza ni kuchimba bwawa jipya mbele ya veranda ili wanyama wapate maji na wageni wapate picha. Bwawa la kudumu huvuta nyati na punda milia mahali ambapo zamani palipumzika kiangazi, simba huwafuata, wanyama wa nyasi ndefu walio wachache hukosa mahali pa kujificha. Hifadhi ya Kruger ya Afrika Kusini ilichimba visima vingi vya namna hiyo, ikaona swala aina ya korongo wakipungua upande wa kaskazini, na kuanzia miaka ya 1990 ikaanza kuvifunga. Sisi hatuna haja ya kuchimba ndipo tujifunze kufukia.

Kosa la pili ni kulielekeza jicho lote kwenye bwawa la kuogelea. Bwawa la mita 10 kwa 5 hupoteza kama milimita 7 kwa siku kwa jua, yaani lita 350. Ni nyingi, lakini si kitu mbele ya shuka na taulo zinazobadilishwa kila asubuhi: kilo 4 za nguo kwa kila kitanda, lita 15 hadi 20 kwa kilo, vitanda 40, ni lita 2,400 hadi 3,200. Kanuni ya kubadilisha shuka kila siku ya tatu huokoa maji mengi kuliko kulifukia bwawa. Bomba la kuogea la lita 8 kwa dakika badala ya 16 huokoa zaidi ya hapo. Mgeni haoni tofauti, mradi shinikizo la maji limewekwa sawa na fundi anayejua kazi yake.

Kuna pia maji yanayotupwa juu ya paa. Loji hupenda makuti na nyasi kwa sababu mgeni anazipenda, na paa la nyasi halivuni maji safi. Basi makuti yabaki juu ya vyumba vya wageni. Jiko, stoo, karakana na nyumba za wafanyakazi viezekwe mabati: mita za mraba 500 za bati, kwa mvua ya milimita 635 na upotevu wa asilimia 20, ni lita 254,000 kwa mwaka. Tatizo ni mahali pa kuyaweka. Mvua hunyesha miezi ambayo haina shida, kwa hiyo bila matangi 20 na zaidi ya lita 10,000 maji hayo hayafiki Februari, na tangi la plastiki lililoachwa juani bila kivuli hupasuka mapema kuliko mwenye duka anavyoahidi. Kibali cha ujenzi kitaje matangi kwa idadi. Neno "uvunaji wa maji" likiwekwa peke yake kwenye ripoti, litatimizwa kwa tangi moja nyuma ya jiko.

Mchanga nao usitoke mtoni. Lori la tani 7 hubeba kama mita za ujazo 4.4, na kila safari huondoa nafasi ya kuhifadhi zaidi ya lita 1,000, si kwa mwaka huu tu bali kwa kila mwaka hadi mafuriko yalete mchanga mwingine. Wajenzi wa barabara, wa loji na wa uwanja wa ndege wote wanahitaji mchanga, na wote wataona mto ulio karibu kwanza.

Maji machafu yana shida mbili zinazopingana. Penye udongo mweusi wa pamba, shimo la kunyonya halinyonyi. Udongo ule ukilowa huvimba na kujiziba, maji ya choo yakapanda juu na kutengeneza dimbwi la kijani ambalo kuro na nyani hulinywa. Penye mchanga huwa kinyume chake: hupita haraka mno na kufika kwenye maji ya chini kabla uchafu haujaliwa na vijidudu. Kwa hiyo penye udongo mweusi yajengwe matuta ya mchanga na kokoto juu ya ardhi, na tangi la vyumba viwili lizolewe tope kabla halijajaa. Penye mchanga, umbali wa mita 30 ambao mafundi wengi wameuzoea hautoshi. Tunapendekeza mita 100 kutoka kingo za mto, na tunajua wenye viwanja vya kando ya mto hawatafurahi.

Sasa magurudumu. Kwenye nchi kame duniani kote, kati ya shina na shina la nyasi, udongo hufunikwa na utando hai wa vijidudu, kuvu na ukoga. Utando huo huushika udongo usipeperuke na huuongezea naitrojeni. Gari likipita mara moja huuvunja, na kurudi kwake huchukua miaka mingi. Katika jangwa la Mojave nchini Marekani, njia za vifaru vya mazoezi ya kijeshi ya miaka ya 1940 bado zinaonekana. Kwenye nyanda za changarawe za Namib ni vilevile. Kidepo ina mvua zaidi na hupona haraka zaidi kuliko huko, lakini ina hatari yake ya pekee, nayo ni ule udongo mweusi wa Narus.

Udongo huo ukiwa mkavu ni mgumu kama saruji. Ukilowa, gari la tani 3 huacha mfereji wa sentimita 10 kwa mpito mmoja. Dereva wa pili huuona mfereji, hupita kando. Wa tatu hupita kando ya wa pili. Msimu ukiisha njia moja ya mita 4 imekuwa tano, upana mita 20, na kila kilomita imekula hekta 2 za malisho. Mvua inayofuata hukimbilia kwenye mifereji, na penye mteremko mfereji hugeuka korongo. Watu hulaumu watalii wa kigeni peke yao. Basi la shule lililokwama Julai huharibu sawasawa, na hata zaidi kwa sababu ya uzito, na watoto wale tunawataka waje. Kinachohitajika ni barabara tatu au nne zilizojazwa maramu, yaani udongo wa changarawe, zenye mitaro ya kutolea maji kila mita 50 hadi 100, na njia zote nyingine za udongo mweusi zifungwe saa 48 baada ya mvua ya zaidi ya milimita 20. Kipima mvua ni kopo lenye alama. Apoka, makao makuu ya hifadhi, ikiwa nacho kimoja, na geti kingine, uamuzi hauhitaji simu ya Kampala.

Kufunga njia iliyoharibika ni kazi yenye utaratibu wake, na tumeona ikifanywa vibaya vya kutosha kueleza. Bango halitoshi. Kwanza vunjeni udongo ulioshindiliwa kwa sururu, kina cha sentimita 15 hadi 20, kukatiza mteremko wala si kuufuata. Pili lazeni matawi ya miiba ya migunga juu yake. Yanazuia gari, yanakamata mbegu na tope, na mbuzi hawafiki kwenye mche. Tatu, penye mfereji wekeni vizuizi vya mawe vya sentimita 30, katikati pakiwa chini kuliko pembeni. Hapo ndipo wengi hukosea: wakijaza katikati, maji huzunguka pembeni na kuchimba mifereji miwili mipya. Kiwango cha juu cha kizuizi cha chini kilingane na mguu wa kizuizi cha juu yake. Kwa mteremko wa asilimia 2 ni mita 15 kati yao. Vijana kumi kutoka Karenga wenye sururu na mkokoteni wanatosha, greda halihitajiki.

Maramu yenyewe yaangaliwe. Kutoka kwenye mashimo yanakochimbwa huja gugu karoti, gugu vamizi ambalo limeshaingia nchini na ambalo mmea mmoja hutoa mbegu 15,000 hadi 25,000. Likishika malisho, nyasi hupotea na maziwa ya ng'ombe huwa machungu. Mti wa mathenge huko Turkana unatosha kuwa onyo: ulipandwa kwa nia ya kuzuia jangwa, leo umeziba njia za mifugo. Mchimbe maramu ndani ya Karamoja, kwenye mashimo yaliyokaguliwa wakati wa mvua mimea ikiwa na maua. Udongo wa juu, sentimita 15 hadi 20, uwekwe kando kwa lundo lisilozidi mita 2, maana mbegu zilizomo hufa zikifukiwa kina zaidi, kisha urudishwe. Na magari yasafishwe getini, chini ya madigadi na kwenye kata za tairi. Hapa tunajua tunajipinga: kuosha gari moja ni lita 50 hadi 100, na maji ndiyo tunayoyalilia. Jibu ni kuosha msimu wa mvua, na kiangazi kutumia brashi ngumu na pampu ya upepo juu ya turubai, kisha takataka zichomwe.

Kuhusu duma tutasema kwa ufupi kwa sababu ushahidi uko wazi. Utafiti uliofanywa Maasai Mara na kuchapishwa mwaka 2018 uligundua kwamba penye watalii wengi, jike wa duma alifikisha wastani wa watoto 0.2 wa kila uzao katika umri wa kujitegemea, na penye watalii wachache 2.3. Duma huwinda mchana, asubuhi na jioni, saa zilezile za magari. Gari huvunja windo. Injini na sauti hutenganisha mama na watoto. Na mkusanyiko wa magari humwambia fisi mahali pa kwenda. Mara wana duma wengi kiasi cha kuweza kupoteza baadhi. Sisi hatuna. Magari yasizidi matano kwa duma mmoja, mita 30 au zaidi, na mama mwenye watoto wachanga asitangazwe kwenye redio ya madereva kabisa. Kanuni hiyo ya mwisho itashindwa kama bakshishi ya dereva inategemea duma. Mwenye kampuni amlipe dereva mshahara wa kweli, la sivyo askari wawili hawatamzuia. Kwenye madimbwi ya Narus, magari yakae upande mmoja tu, mita 100, injini imezimwa, ili pande tatu zibaki wazi kwa wanyama.

Taka ngumu zina ufumbuzi rahisi kuliko zote na bado hufukiwa. Shimo la wazi la jikoni hulisha ndege kaloli, nyani na fisi. Nyani aliyezoea jalala huingia chumbani, kisha hupigwa risasi kwa kosa la mpishi. Kufukia hakusaidii, fisi hufukua. Malori yanayoleta chakula na soda kutoka Kitgum hurudi matupu. Yarudi na chupa, makopo na plastiki, na lango la hifadhi lipime uzito wa kinachotoka dhidi ya kilichoingia. Mabaki ya chakula yaozeshwe kwenye kizimba cha wavu chenye mfuniko.

Moto wa jioni huchoma kilo 30 hadi 50 za kuni. Mti uliokufa umesimama ni nyumba ya mumbi, wa hondohondo, wa mijusi na wa nyuki, na ndio wa kwanza kukatwa kwa kuwa "umekufa". Moto mmoja kwa loji unatosha, kwa kuni zilizonunuliwa nje ya hifadhi kwenye mashamba yaliyopandwa, na maji ya kuoga yapashwe na jua, ambalo halijawahi kupungua Karamoja. Taa za nje ziwe za rangi ya njano iliyokolea, zimefunikwa juu, na zizimwe saa nne usiku. Vigoda vya ekicolong, vya kukalia na kulazia kichwa, vinavyouzwa kwa wageni vichongwe kwa miti iliyoanguka, si kwa mkwaju ambao wenyeji huuita epeduru na huula matunda yake njaa inapobisha.

Mheshimiwa Waziri, yapo maneno ya fedha pia. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inazipa serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi asilimia 20 ya viingilio vya getini. Fedha hizo zikijenga ofisi, mnyama haoni faida yake. Zikichimba mabwawa ya kuvuna maji ya mifugo nje ya mpaka, kilomita 10 au zaidi kutoka hifadhini, mchungaji hana sababu ya kuvuka Januari, na tembo na ng'ombe hawakutani kwenye shimo moja. Tunaomba kila kata ibandike ukutani, kwa Ng'akarimojong, Kiik na Kiswahili, kiasi kilichofika, tarehe, na kilichofanyika. Watu wa Ik kule mlima Morungole, ambako wageni sasa hupanda kwa miguu, waamue wenyewe idadi ya wapandaji kwa wiki na njia ipi ipumzike. Mizinga yao iko katika msitu uleule.

Na kiwango chenyewe cha vitanda kipatikane hivi. Chukueni bomba la PVC la milimita 50, urefu mita 3. Tobolea mita ya chini, ifunge kwa kitambaa cha wavu ili mchanga usiingie, izamishe mchangani hadi mwamba au hadi mwisho wa bomba, uifunike kwa kofia yenye kufuli dhidi ya nyani. Kila Jumatatu asubuhi, kabla pampu za loji hazijawashwa, askari mmoja hushusha utepe wenye uzito na kuandika kina cha maji. Mabomba sita yanatosha kuanzia: mawili Narus, mawili mto Kidepo, moja juu ya loji na moja chini yake, ili tofauti ionekane. Kila kisima cha loji kifungwe mita ya maji, isomwe siku hiyohiyo na isomwe na askari, si na meneja. Kiwango kikishuka chini ya mita moja kutoka uso wa mchanga, loji zote zipunguze matumizi kwa theluthi. Kikifika mita moja na nusu, uhifadhi wa vyumba vipya usimame hadi mvua. Baada ya viangazi vitatu, kiangazi kibaya kuliko vyote ndicho kiwe kipimo cha vitanda vyote, vilivyopo na vijavyo. Wastani usitumike. Mnyama hafi kwa wastani.

Hadi vipimo hivyo vipatikane, tunaomba NEMA isipitishe tathmini ya athari kwa mazingira ya loji moja moja kana kwamba iko peke yake mtoni, na tathmini ya uwanja wa ndege itaje vitanda, visima, mchanga na maramu ambavyo abiria wake watavihitaji, wala isiishie kwenye urefu wa njia ya kurukia.

Mabomba sita tunaweza kuyazamisha Novemba ijayo, mto ukishaacha kutiririka na kabla mchanga haujakauka juu. Vifaa tutaleta wenyewe. Tunachohitaji kutoka kwenu ni kibali cha kuingia, askari mmoja kila Jumatatu, na daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma getini.

Wenu katika kazi,

Waongoza watalii, mafundi wa maji na wataalamu wa nyanda za malisho, Karamoja